Uzi: Okestra ya simfoni ya Kinshasa, kutoka fidla tano za kupokezana hadi Simfoni ya Tisa

Besi wa Nyegezi

Wakuu, salaam.

Naimba besi kwenye kwaya ya kanisa huku Mwanza, mwaka wa 19 sasa. Wiki iliyopita baada ya mazoezi tulibaki kwenye mabenchi tukisubiri mvua ikatike, na kijana mmoja wa sauti ya tatu akasema okestra ya simfoni, lile kundi kubwa la fidla, tarumbeta na ngoma, ni kitu cha Ulaya na Marekani, na kwamba huku kwetu haiwezekani, gharama zake hazibebeki. Nikamwambia ipo moja Kinshasa, ina zaidi ya miaka 30, na imepiga Beethoven, yule mtunzi wa Kijerumani, nzima nzima. Hakuniamini. Mvua ikakatika, tukatawanyika, lakini mimi niliondoka nayo moyoni. Nimeona niiandike hapa kwa kirefu ili naye aje aisome.

Jina lake rasmi ni Orchestre Symphonique Kimbanguiste, wenyewe hufupisha OSK. Aliyeianzisha mwaka 1994 ni Armand Diangienda, na ndiye mwongozaji wake. (Nitasema mwongozaji kwa yule anayesimama mbele na kijiti. Neno kondakta kwetu lina kazi nyingine mlangoni mwa daladala.)

Diangienda hakusomea muziki. Alikuwa rubani wa ndege za abiria. Shirika alilofanyia kazi likapoteza ndege kwa ajali, na kazi yake ikaishia hapo. Sasa fikirini Kinshasa ya miaka ile. Septemba 1991 askari waliokosa mishahara waliingia mitaani wakapora maduka na viwanda, na Januari 1993 wakarudia. Mwaka huohuo 1993 serikali ya Mobutu ilibadilisha noti, ikaleta zaire mpya, na bei hazikutulia. Ndani ya mji huo, mtu asiye na ajira, asiyejua kusoma noti za muziki, anaamua kuunda okestra ya simfoni.

Ala zilikuwa za kuokoteza: zilizochakaa, zilizopasuka, za kununuliwa mitumba. Waliotaka kujifunza fidla walikuwa 12. Fidla zilikuwa 5 au 6. Diangienda mwenyewe amesimulia kwamba walipokezana: mmoja anapiga dakika 15 au 20, anamkabidhi mwenzake, anakaa chini kusubiri zamu irudi.

Naomba mkae kidogo hapo kwenye zile dakika 20. Anayejifunza fidla siku za mwanzo, dakika 20 zinamtosha kukaza upinde, kuitafuta ile nafasi ya kidevu na bega, kuanza kupata sauti moja isiyokwaruza. Ndipo unatakiwa kuiachia. Unamkabidhi mwenzako, unakaa, unamsikiliza akikosea palepale ulipokosea wewe. Mimi naamini okestra ile ilizaliwa kwenye kule kusubiri. Kazi kubwa ya mtu wa okestra ni kumsikiliza aliye kando yake, na wao waliianza siku ya kwanza kwa sababu hawakuwa na njia nyingine.

Nitaendelea. Kuna upande wa kanisa ambao bila huo habari hii haieleweki.

Mama Kijani

Mkuu endelea, nimekaa mkao wa kula. Ila swali moja: Kimbanguiste ndiyo nini? Ni jina la mtaa?

Besi wa Nyegezi

Hapana dada, ni kanisa, na ndipo nilipokuwa naelekea.

Simon Kimbangu alizaliwa 1887 Nkamba, Kongo ya chini, upande wa magharibi. Aprili 1921 alianza kuhubiri na kuombea wagonjwa, na watu wakaacha mashamba na kazi za wazungu kumfuata Nkamba. Wabelgiji waliogopa. Septemba mwaka huohuo akakamatwa, akapelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi, na tarehe 3 Oktoba 1921 akahukumiwa viboko 120 na kifo. Mfalme Albert wa Ubelgiji akakibadilisha kifo kuwa kifungo cha maisha. Alihubiri miezi michache tu, akafungwa miaka 30, akafia gerezani tarehe 12 Oktoba 1951. Wafuasi wake walihamishwa kwa maelfu hadi pembe za mbali za nchi, na kanisa likaishi kwa siri mpaka lilipotambuliwa Desemba 1959, miezi sita tu kabla ya uhuru. Kiongozi wake akawa Joseph Diangienda, mtoto wa mwisho wa Kimbangu, hadi alipofariki 1992.

Armand wa okestra ni mjukuu wa Simon Kimbangu.

Sasa shikeni jambo hili, maana wengi wanaoisimulia OSK hulipita. Wakimbanguisti ni watu wa muziki kupita kiasi. Nyimbo zao wanaamini wanazipokea kutoka mbinguni, mtu anaota au anasikia, anaamka anaifundisha. Wana bendi za matarumbeta, FAKI, na vikundi vya filimbi, FLUKI, wenye sare za kijani na nyeupe, na bendi hizo hupiga kwa gwaride kwenye ibada na sikukuu. Mtoto aliyekulia humo amesimama kwenye mstari tangu mdogo, anajua kuingia kwa pamoja na kunyamaza kwa pamoja, anajua sauti ya kwanza haiwezi kuimba peke yake.

Kwa hiyo nikisoma mahali kwamba OSK ilitoka patupu, nakataa. Fidla hazikuwepo, walimu hawakuwepo, lakini masikio yalikuwepo na nidhamu ilikuwepo. Diangienda alipoita watu, aliwaita watu waliokwisha kuzoea kuja mazoezini bila kulipwa.

Mwana Lushi

Jambo bandugu. Miye niko wa Lubumbashi, sasa naishi Dar. Nitajikaza kuandika Kiswahili ya kwenu.

Mkubwa amesema Kimbangu alifia gerezani, lakini hakusema wapi. Ni kwetu, Lubumbashi, wakati ule ikiitwa Elisabethville. Wazungu walimtoa magharibi kabisa wakamuleta kusini-mashariki, zaidi ya kilomita 1,500, kusudi watu wake wamusahau. Miaka yote 30 alikuwa mu buloko ya huku, kati ya watu wanaosema Kiswahili. Mifupa yake ilirudishwa Nkamba mwaka 1960.

Bibi yangu hakuwa Mkimbanguisti, alikuwa Mkatoliki, lakini alikuwa anatuonyesha upande wa gereza na kusema: kule kulikaa mutu ambaye hakukubali. Hiyo tu. Tukiwa batoto hatukujua ni nani. Tangu 2023 tarehe 6 Aprili ni sikukuu ya taifa kwa ajili yake, na bibi hakuifikia.

Nasema hivi ili mujue mjukuu aliyeshika kijiti ametoka katika nyumba ya namna gani.

Besi wa Nyegezi

Mwana Lushi, ahsante sana ndugu yangu. Maneno ya bibi yako nimeyasoma mara mbili.

Fundi Redio

Wakuu mimi si mtu wa muziki wa namna hiyo, nilipiga gitaa zamani tu. Nimewahi kusikia kwamba hao jamaa walitumia waya wa breki za baiskeli badala ya nyuzi. Ni kweli au ni chumvi?

Besi wa Nyegezi

Ni kweli. Diangienda mwenyewe amelieleza kwenye mahojiano na televisheni ya Marekani mwaka 2012. Uzi ukikatika na duka la nyuzi halipo, walitafuta kebo ya breki.

Fundi Redio

Basi nielewavyo mimi ni hivi. Kebo ya breki siyo waya mmoja, ni nyaya nyembamba nyingi zimesokotwa. Unaikata kwa koleo, unaifumua, unachukua uzi mmoja. Nilifanya hivyo kwenye gitaa nikiwa sekondari. Uzi unatoka umejipinda kama chemchemi, lazima uunyooshe kwa kuuvuta kwenye mti au nguzo. Halafu una ukali, ukibonyeza unaacha mfereji kwenye ncha ya kidole, na ukipata jasho siku mbili unashika kutu. Sauti inatoka, lakini inatoka nyembamba na yenye kelele ya chuma.

Kwenye gitaa kuna viwekeo vya kubonyezea. Fidla haina, unaitafuta noti kwa sikio. Kwa waya usiolingana unene mwanzo hadi mwisho, noti haikai pale ulipoizoea. Nawavulia kofia.

Besi wa Nyegezi

Umenifundisha mkuu. Na fidla ina nyuzi nne, ule mwembamba wa juu ndio mwepesi kukatika, na ndio unaobeba sehemu za juu za wimbo. Ina maana waya wa baiskeli ulikuwa unasikika juu ya wote.

Niendelee na ala. Kulikuwa na tatizo la kontrabasi, ile besi kubwa inayopigwa mtu akiwa amesimama. Fidla unaweza kuletewa na mgeni ndani ya begi. Kontrabasi hailetwi hivyo. Albert Matubanza, meneja wa okestra, hakuwa amefundishwa useremala wa ala popote. Alichukua kontrabasi yake mwenyewe akaifungua kipande kwa kipande, akapima, akaangalia mbao zimepindwaje na gundi imeshika wapi, kisha akaanza kutengeneza nyingine.

Mnaojua bei ya kitu cha namna hiyo mnajua ujasiri wake. Kontrabasi ndiyo aliyokuwa nayo. Kama asingeweza kuirudisha, okestra ingebaki bila miguu. Nimeimba besi maisha yangu yote, nami nawaambia kwaya bila besi huelea, kila mtu anapanda kidogo kidogo bila kujua na mwisho wimbo uko pengine kabisa.

Noti nazo zilinakiliwa kwa mkono. Hili la kunakili sisi wa kwaya tunalijua. Mwalimu wetu wa zamani alikuwa anaandika solfa (do, re, mi) kwenye karatasi kubwa ya manila kwa kalamu ya wino mzito, sauti nne, anaibandika ukutani. Lakini nyimbo zetu ni kurasa mbili. Simfoni ina sehemu ya kila ala, kila moja kurasa na kurasa, na ukikosea mapumziko ya mipigo minne kwenye karatasi ya tarumbeta, mtu ataingia mahali si pake mbele ya umati.

Mama Kijani

Hao wapigaji wanaishi kwa nini? Wanalipwa?

Besi wa Nyegezi

Kwa muziki ule, hapana. Mwaka 2010 ilitoka filamu ya Wajerumani wawili, Claus Wischmann na Martin Baer, iitwayo Kinshasa Symphony, ndiyo iliyoitambulisha OSK duniani. Inawaonyesha nyumbani kwao na kwenye riziki zao. Mpiga chelo, ile fidla kubwa inayopigwa mtu akiwa amekaa, anauza chakula sokoni. Mpiga filimbi anahangaika kupanga chumba akiwa na mtoto. Mmoja wa wapiga viola, fidla iliyo kubwa kidogo, ni fundi umeme, na pia ananyoa nywele, na umeme ukikatika mazoezini ndiye anayeweka ala chini na kwenda kutafuta tatizo.

Tukio linaloifungua simulizi ya filamu ni hilohilo la umeme. Watu 200 wanapiga Simfoni ya Tisa ya Beethoven, bado mipigo michache sehemu ya mwisho ianze, giza. Tumezoea mgao, tunajua giza la ghafla lina sauti yake, ule mguno wa watu wote pamoja. Wao hawakutawanyika.

Na giza lile si la kwanza. Agosti 1998, vita vya pili vya Kongo vilipoanza, waasi waliingia kwa upande wa magharibi wakalishika bwawa la umeme la Inga na kuuzima mji mzima, na mapigano yakafika pembezoni mwa Kinshasa. Mwaka mmoja kabla, Mei 1997, Mobutu alikuwa ameanguka na jeshi la Kabila limeingia. Okestra iliyoanza 1994 ilikuwa na miaka mitatu tu. Baada ya 2001 kanisa lenyewe likagawanyika, wajukuu wa Kimbangu wakitofautiana juu ya uongozi. Kwaya ngapi mnazijua zilizokufa kwa ugomvi wa nani ashike ufunguo wa stoo ya vinanda? OSK ilipita katika yote hayo ikifanya mazoezi jioni karibu kila siku, watu wakitembea kwa miguu mwendo mrefu kufika, na kurudi usiku.

Kalamu ya Ufipa

Nimesoma yote kwa heshima, mkuu. Naomba nitofautiane nawe na nisieleweke vibaya.

Simon Kimbangu alifungwa miaka 30 na Wabelgiji kwa kosa la kumwambia Mwafrika anaweza kusimama. Mjukuu wake anapata nafasi, anaishia kufundisha watu Beethoven? Kongo ina rumba ambayo UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika Desemba 2021. Kuna ngoma za kila kabila. Jasho lote hilo la nyaya za baiskeli, wangelimwaga kwenye muziki wao ningefurahi zaidi. Naona kama tunashangilia kwa sababu wazungu walishangilia.

Besi wa Nyegezi

Swali lako ni zito, Kalamu, na sitalijibu kwa haraka haraka. Nimelala nalo usiku mmoja.

Kwanza nakubali sehemu. Filamu ni ya Wajerumani, mahojiano makubwa ni ya Wamarekani, na wengi wanaoisifu OSK huanza na umaskini, muziki unakuja baadaye. Hilo linaniudhi mimi pia. Na rumba haikupungukiwa na kitu kwa OSK kuwepo, Kinshasa ina nafasi ya vyote viwili. Halafu wao wenyewe hutunga, Diangienda akiwemo, kwa okestra nzima na kwaya.

Pili, tuichukue hiyo Simfoni ya Tisa yenyewe tuiangalie ni mali ya nani.

Mwaka 1822 chama cha wanamuziki wa London, Philharmonic Society, kilimtumia Beethoven ahadi ya pauni 50 kwa ajili ya simfoni mpya. Ikapigwa mara ya kwanza Vienna tarehe 7 Mei 1824, yeye akiwa kiziwi, amesimama jukwaani bila kusikia. Umati ulipopiga makofi alikuwa ameupa mgongo, na mwimbaji Caroline Unger akamgeuza ili aone mikono. Hayo wengi wanayajua. Lisilosemwa sana ni hili: okestra ya siku ile haikuwa ya wataalamu watupu. Iliongezewa watu wa kujitolea, wapenda muziki wa mjini, na mazoezi ya wote kwa pamoja yalikuwa mawili tu. Mawili! Simfoni ya Tisa ilizaliwa mikononi mwa watu ambao baadhi yao kesho yake walirudi kwenye kazi zao nyingine. Kinshasa waliifanyia mazoezi muda mrefu kuliko Vienna.

Tatu, sikiliza sehemu ya mwisho. Katikati yake Beethoven anaweka gwaride. Ngoma kubwa, matoazi, pembetatu ya chuma, filimbi ndogo, na mwimbaji mmoja wa tena, yaani sauti ya tatu, anaimba juu yake. Ni bendi inayopita barabarani. Mara ya kwanza nilipofika hapo nikiisikiliza nilisimama, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuona picha za FAKI wakipita na sare zao za kijani. Kwa watu waliokulia kwenye bendi ya gwaride, sehemu hiyo haihitaji kuelezwa. Wanaijua kwa miguu.

Na ule wimbo wenyewe wa furaha wa sehemu hiyo ya mwisho, unaojulikana dunia nzima, unaanzia chini kabisa, chelo na kontrabasi peke yao, taratibu, hakuna mwingine anayepiga. Hapo ndipo kontrabasi iliyofunguliwa na Matubanza ikafungwa tena inapotoa sauti.

Nne na mwisho. Kile chama cha London kilichotoa pauni 50 bado kipo, sasa kinaitwa Royal Philharmonic Society. Mwaka 2013 kilipotimiza miaka 200 kilimpa Armand Diangienda uanachama wa heshima, orodha ambayo ndani yake wamo Mendelssohn, Liszt na Stravinsky. Septemba mwaka uliofuata OSK ikaenda Uingereza yenyewe. Unaweza kusema hao ni wazungu wanashangilia tena. Mimi naona waliomwagiza Beethoven kazi ile wakikiri kwamba imefika mahali ambapo hawakuituma.

Hatukulazimishwa na Beethoven. Kimbangu alikataa kuambiwa kipi si chake. Mjukuu akachagua.

Kalamu ya Ufipa

Nimekuelewa, hasa hapo kwenye gwaride. Bado natamani tungeandika za kwetu nyingi zaidi kwa okestra, ila lawama yangu kwa hawa naiondoa.

Mtu wa Kisumu

Niongeze kutoka Kenya. Nairobi kuna watoto wa Ghetto Classics, wako Korogocho, jirani na lile jalala kubwa la Dandora. Elizabeth Njoroge ndiye alianzisha. Nilienda kuwasikiliza siku moja, harufu ya moshi wa taka inaingia madirishani na msichana mdogo anapiga klarineti macho yamefumba. Kwa hivyo hili si la Kinshasa pekee, lakini Kinshasa walitangulia, na wao hawakuanza kama mradi wa kusaidia watoto, walianza wakiwa watu wazima na majukumu yao. Hiyo ndiyo imenishika.

Sauti ya Mkunazini

Na sisi Unguja tusisahauliwe jamani. Fidla huku si mgeni. Ikhwani Safaa ni klabu ya tangu 1905, na ukikaa kwenye taarabu ya asili utaona fidla zimepangwa safu, chelo, dabali besi, ganuni, nai. Tofauti ni kwamba wazee wetu wengi walipiga kwa sikio, mwalimu anapiga kipande nawe unakirudisha hadi kikukae. Chuo cha muziki cha Nchi za Majahazi pale Mji Mkongwe, kilichoanza 2002, ndicho kinachowapa vijana vyote viwili, sikio na karatasi.

Nilichojifunza kwenye uzi huu ni kwamba wa Kinshasa walikwenda kinyume na sisi. Sikio walikuwa nalo, wakaitafuta karatasi bila mwalimu. Hiyo ni safari ngumu sana, ndugu zangu. Nimemwona marehemu baba yangu, fundi wa fidla anayesifiwa mji mzima, akiishika karatasi ya noti akairudisha mezani kimya.

Besi wa Nyegezi

Sauti ya Mkunazini, Mungu amrehemu mzee.

Umesema kweli kuhusu karatasi. Diangienda alijifundisha mwenyewe chelo na piano na ala nyingine akiwa mtu mzima, huku akiwafundisha wengine alichokijua jana yake. Nyumba yake ikageuka shule: huku wanapuliza, kule wanavuta pinde, uani waimbaji. Baadaye walikuja waimbaji wawili wa opera kutoka Ujerumani kuifundisha kwaya namna ya kutoa sauti na kutamka Kijerumani, kwa sababu maneno ya ile sehemu ya mwisho ni ya mshairi Schiller. Waimbaji wa Kinshasa, lugha yao ya kila siku Kilingala, Kifaransa cha shule, wanajifunza kuweka Kijerumani mdomoni silabi kwa silabi.

Kwa wenye hamu ya kujaribu, wimbo wa furaha kwa solfa ni huu, mstari wa kwanza:

mi mi fa so, so fa mi re, do do re mi, mi re re.

Wa pili ni uleule, mwisho tu unabadilika: re do do.

Karibu wote ni hatua kwa hatua, hauruki. Mtoto wa shule ya Jumapili anaushika kwa siku moja. Kazi inakuja pale sauti nne zinapoingia pamoja na sauti ya kwanza inapopelekwa juu na kuachwa hukohuko.

Tena wa Igogo

Shikamoo kaka. Ni mimi, yule wa siku ya mvua. Nimetumiwa uzi huu na Dada Mkubwa wa sauti ya pili, nimeusoma kwenye gari hadi nikapitiliza kituo.

Nakubali nilikosea. Naomba kuuliza: hiyo sehemu ya gwaride uliyosema tena mmoja anaimba juu yake, wengine wetu tunaingia wapi? Na solfa yake unayo?

Besi wa Nyegezi

Marahaba mdogo wangu.

Tena anaanza peke yake, bendi iko chini, kimya kimya kama inatokea mbali. Inasogea, inakua, kisha wanaume wote mnaingia nyuma yake, tena na besi pamoja. Ni ya wanaume watupu mpaka hapo.

Solfa yake sina, noti za mistari ninazo. Alhamisi njoo nusu saa kabla ya wenzako, tuigeuze wote wawili. Uje na manila na kalamu nene, ile ya stoo imekauka.